Fundi wa Gereji na Safu ya Msikitini: Oili, Harufu na Hukumu ya Tohara

Swali: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni fundi wa magari Ndeeba, hapa Kampala. Adhuhuri na alasiri huswali katika msikiti ulio karibu na gereji yetu nikiwa na ovaroli yangu, kwa kuwa muda ni mfupi. Juma lililopita mtu aliyekuwa kando yangu katika safu alihama, na baada ya salamu akasema kwa sauti kwamba msikiti si gereji, na kwamba mwenye nguo za oili na harufu ya petroli swala yake haifai. Tangu siku hiyo naswali peke yangu nyuma ya magari. Je, swala zangu zilikuwa batili? Na je, ni afadhali nisirudi tena kwenye swala ya jamaa msikitini?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, ndugu yangu fundi. Nitaanza na hukumu yenyewe, kisha nitaeleza sababu zake, maana mwenye gari hupenda kuambiwa kwanza kama linatembea au halitembei. Oili, petroli na grisi si najisi, na nguo iliyopakaa vitu hivyo haibatilishi swala. Rudi kwenye jamaa. Harufu, hata hivyo, ni haki ya wenzako uliyopaswa kuichunga, na hapo yule bwana alikuwa na hoja, ingawa aliitoa vibaya. Lipo pia jambo la tatu ambalo wewe hukuuliza na yeye hakuliona, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: grisi iliyoganda juu ya ngozi yako wakati wa kutawadha.

Mambo haya matatu watu huyachanganya na kuyaita yote kwa neno moja, uchafu. Najisi ni kitu ambacho sharia yenyewe imekitaja kuwa najisi, kama mkojo, kinyesi, matapishi, damu, mzoga, na, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata hapa Uganda, mbwa na nguruwe. Uchafu wa kawaida ni kile ambacho jicho na pua havikipendi. Kitu kinaweza kuwa kichafu mno na bado kikawa tohara, yaani safi kwa hukumu ya sharia, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka inaweza kuwa na najisi kwa matone mawili ya mkojo ambayo hakuna aliyeyaona. Kwa kuwa asili ya vitu ni tohara mpaka ipatikane dalili ya kinyume chake, mafuta yanayotoka ardhini na yale yanayotengenezwa kiwandani, vumbi jekundu la barabarani, masizi ya bomba la moshi na kutu ya chesisi vyote ni tohara. Ovaroli yako inaweza kusimama yenyewe kwa oili, na swala yako ndani yake ikasihi.

Najisi ya ovaroli yako, ikiwapo, haitatoka kwenye injini, itatoka ukutani. Nimepita katika gereji nyingi ambazo hazina choo, na kijana husimama nyuma ya lori, akajisaidia akielekea ukuta mgumu, maji yakamrudia kwenye miguu ya suruali, kisha akasikia adhana akaenda. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakuu wa hadithi, wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye makaburi mawili akasema kwamba waliomo wanaadhibiwa, na mmoja wao kosa lake ni kwamba alikuwa hajikingi na mkojo wake. Kwa hiyo chagua mahali penye udongo laini, chuchumaa, subiri mpaka umalize kabisa, na uwe na chupa yako ya maji ya kustanji. Chupa hiyo iwe na alama, kwa sababu katika gereji chupa moja hubeba maji leo na asidi ya betri kesho.

Tope la barabarani halihitaji maneno mengi. Asili yake ni tohara hata mvua ikinyesha na mitaro ikafurika, na hata pale unapokuwa na yakini kwamba limechanganyika na najisi, wanazuoni wa Kishafi wamesamehe kiasi ambacho ni vigumu kukiepuka. Wakasema kiasi hicho hutofautiana kati ya masika na kiangazi, na kati ya pindo la nguo na kifua chake, kwa kuwa tope hurukia pindo kwa kawaida na kifuani hufika kwa uzembe au kwa ajali.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuuliza. Mwenyezi Mungu katika aya ya 6 ya Suratul Maida ameamrisha kuosha nyuso, mikono hadi viwiko, kupaka vichwa, na kuosha miguu hadi vifundoni, na kuosha maana yake ni maji kufika kwenye ngozi. Muslim amepokea kutoka kwa Umar bin al-Khattab kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali padogo kama ukucha kwenye mguu wake, Mtume (S.A.W.) akamwona, akamwambia arudi akautengeneze vizuri udhu wake. Katika safari moja, masahaba walichelewa alasiri, wakawa wanatawadha kwa haraka kama unavyofanya wewe mteja akiwa anakusubiri, mpaka wakawa kama wanaoipangusa miguu tu, naye Mtume akanadi kwa sauti ya juu, mara mbili au tatu: “Ole wao wenye visigino, kwa adhabu ya Moto!” Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakuna hata mmoja katika msikiti ule aliyelalamikia kisigino kikavu, kwa sababu kisigino kikavu hakina harufu.

Fundi anapofungua beringi au boliti za gurudumu, grisi ile nzito hupanda kutoka vidoleni, ikashika mkunjo wa kifundo cha mkono, na mara nyingi ikaacha bandiko jeusi kwenye kiwiko, pale anapojiegemeza akiwa chini ya gari. Kiwiko mwenyewe hukioni. Hapo wanazuoni wetu wametofautisha mambo mawili kwa uangalifu ambao fundi atauelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Mafuta mepesi yaliyoenea juu ya ngozi bila kuwa na kiwiliwili, ambayo maji hupita juu yake yakagawanyika kuwa matone, hayadhuru udhu, hata kama maji hayakai kwenye ngozi, kwa sababu yamefika na yametiririka. Lakini kitu chenye kiwiliwili, yaani chenye unene unaoweza kukwanguliwa, kama grisi iliyoganda, rangi ya gari, silikoni ya gasketi au gundi, huzuia maji, na udhu hausihi mpaka kiondolewe. Kipimo chake ni rahisi: pitisha ukucha. Ukitoka na kitu, hicho ni kiwiliwili. Ukitoka mtupu na ngozi ikabaki nyeusi, hiyo ni rangi tu, na hukumu yake ni kama ya hina mkononi mwa bibi harusi.

Vipi kuhusu weusi ulio chini ya kucha, ambao kwa fundi hauishi hata akioga mara tatu? Wapo waliosema kwamba ukizuia maji kufika chini yake, udhu hausihi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba unasamehewa kwa sababu ya haja, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaamrisha watu kukata kucha na kuchukizwa na uchafu ulio chini yake, lakini hakuwaamrisha kurudia swala. Mimi hufuata kauli ya Ghazali ninapoulizwa na mafundi na wakulima, na sioni haya kusema hivyo. Ila kauli hiyo ni ruhusa ya mtu aliyekata kucha zake, akasugua, na kikabaki kilichobaki. Anas bin Malik amesema, kama alivyopokea Muslim, kwamba masahaba waliwekewa mpaka katika kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyofoa nywele za kwapa na kunyoa za sehemu za siri, wasipitishe siku 40. Kwa fundi ningesema kila Alhamisi jioni kwa upande wa kucha. Siku 40 ni mwisho wa uvumilivu, na kucha za fundi hujaa kabla ya juma kwisha.

Namna ya kuitoa grisi nayo ina jambo. Najua desturi ya gereji: mtu huchovya mikono katika petroli, akajipangusa kwa kitambaa, akaosha kwa sabuni ya unga, na kazi imekwisha. Grisi hutoka kweli. Lakini ngozi hukauka na kupasuka, na harufu uliyokuwa nayo kwenye nguo sasa umeipaka mikononi, mikono ambayo utaiinua usawa wa mabega katika takbira, karibu na pua ya jirani yako. Chukua kijiko cha mafuta ya kupikia, changanya na sukari kidogo, sugua mpaka viwiko ukiwa bado mkavu, kisha tia sabuni ya kipande, na baada ya hapo ndipo maji. Mafuta huyeyusha mafuta, na sukari hukwangua bila kuumiza. Dakika tatu zinatosha. Baada ya hapo udhu wenyewe hauhitaji maji mengi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano. Jerikeni ya lita 20 mnayochota asubuhi kwa ajili ya rejeta inatosha kuwatawadhisha mafundi wote wa gereji yenu adhuhuri na alasiri, na ikabaki.

Nije kwenye harufu, na hapa sitakupendelea. Mtume (S.A.W.) alikataza aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kibichi asiukaribie msikiti, na katika riwaya ya Muslim imeelezwa kwamba malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Umar katika hotuba yake alisema alimwona Mtume (S.A.W.), akiisikia harufu hiyo kwa mtu msikitini, huamrisha atolewe mpaka Baqii, penye makaburi ya Madina, na kwamba atakayevila basi aivunje harufu yake kwa kuvipika. Petroli mbichi na jasho la siku nzima chini ya magari havina harufu nyepesi kuliko kitunguu. Kwa hiyo usijiambie kwamba yule bwana aliudhika bure kwa kiburi chake tu. Pua yake haikusema uongo.

Lakini tazama jinsi jambo hili lilivyotokea kwa mara ya kwanza, kwa watu kama wewe. Bibi Aisha (Mungu amuwie radhi) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani mwao na kutoka vitongoji vya juu vya Madina, wakipita katika vumbi, likiwashika pamoja na jasho, mpaka harufu ikawatoka. Mmoja wao alipomjia Mtume (S.A.W.) akiwa kwa Aisha, Mtume alisema: “Lau mngejitoharisha kwa ajili ya siku yenu hii!” Walikuwa wafanyakazi, wengi wao wakijitumikia wenyewe. Mtume hakuwaambia wabaki vitongojini na harufu zao, wala hakuwaambia kazi zao ni duni. Aliwaambia waoge waje. Ndiyo maana josho la Ijumaa limetiliwa mkazo hivi, na jamhuri ya wanazuoni, yaani wengi wao, wameliona kuwa ni sunna iliyokokotezwa, ingawa kuna waliosema ni wajibu kwa kufuata dhahiri ya hadithi ya Abu Said al-Khudri.

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, akisherehesha hadithi za kitunguu katika Bukhari, amenukuu kwamba baadhi ya wanazuoni waliipanua hukumu wakawatia ndani yake mwenye kinywa kinachonuka, mwenye jeraha lenye harufu, wenye kazi kama muuza samaki, na pia mtu anayewaudhi watu kwa ulimi wake. Soma tena huyo wa mwisho. Kisha akataja kwamba Ibn Daqiq al-Id, mwanazuoni wa kabla yake, aliashiria kuwa upanuzi wote huo haukubaliki. Nami naona Ibn Daqiq al-Id amesema kweli, kwani kitunguu mtu hukila kwa hiari yake muda mfupi kabla ya swala, lakini kazi ya halali ndiyo inayowalisha watoto, na kuwafungia mlango wa msikiti wenye kazi za mikono kungeibakisha jamaa mikononi mwa makarani na wafanyabiashara. Lakini anayetaka kuishika ile kauli pana aishike yote, pamoja na ulimi.

Dawa yako ipo katika hadithi ambayo fundi yeyote angeiandika juu ya mlango wa gereji. Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu kuna ubaya gani mmoja wao, akipata uwezo, akiwa na nguo mbili za Ijumaa mbali na nguo mbili za kazi yake. Nguo za kazi zimetajwa kwa jina lake, na hazikulaumiwa. Zimetengewa mahali pake. Na Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul Aaraf, aya ya 31: “Enyi wanadamu! Chukueni pambo lenu kila msikiti.” Wewe huna haja ya kanzu ya sherehe saa saba mchana. Shati moja na suruali moja safi, ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) lililofungwa vizuri, vikitundikwa ofisini au kwa mama anayewapikia chakula, mbali na petroli, vinakutosha. Ovaroli unaivua, unaosha kwapa na shingo kwa kitambaa chenye maji na sabuni, unatawadha, unavaa, unakwenda. Usijimiminie manukato juu ya jasho ambalo halijaoshwa. Harufu hizo mbili zikikutana huwa mbaya kuliko kila moja peke yake. Mswaki ni bora kuliko chupa ya manukato, na Mtume (S.A.W.) alisema lau si kuhofia kuutia umma wake mashaka angewaamrisha kupiga mswaki kila swala.

Jambo moja ambalo hata wenye kanzu safi husahau ni soksi. Buti za kazi huvaliwa tangu alfajiri, soksi hulowa jasho, na mtu huona kwamba kwa kuwa ameosha miguu basi amemaliza, akazirudisha soksi zilezile juu ya miguu mibichi akaingia nazo kwenye zulia. Aliye katika safu ya nyuma yako, anaposujudu, paji la uso wake hufika kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka visigino vyako, na hapo ndipo anapomtakasa Mola wake mara tatu kwa pumzi zake. Weka jozi ya pili ya soksi kavu ndani ya lile kavera, au uingie miguu mitupu iliyopanguswa. Na ndara za chooni ziishie chooni.

Sasa yule bwana. Sikuwapo, na nimesikia upande mmoja tu, kwa hiyo sitamhukumu; nitasema juu ya kitendo chenyewe kama ulivyokieleza. Kuhukumu swala ya mtu kuwa haifai ni fatwa, na alitoa fatwa ya makosa. Kuisema mbele ya watu ni kosa la pili. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), na hiyo ilikuwa najisi hasa, wala si harufu ya petroli. Watu wakamkemea, Mtume akawaambia wamwache, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale, na katika riwaya ya Muslim akamwita akamweleza kwa upole kwamba misikiti haifai kwa mkojo wala uchafu, bali ni ya kumdhukuru Mwenyezi Mungu, swala na kusoma Kurani. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuingia magharibi nikiwa nimetoka kula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ambayo mchomaji aliijaza vitunguu vibichi juu ya mayai yaliyokwisha kuiva. Mwalimu wangu alinishika mkono kabla ya iqama, wito wa kusimamia swala, akanivuta nje kama anayetaka kunituma dukani, akanipa mswaki wake mwingine na kuniambia nisukutue, yeye atanisubiri. Hakuna aliyejua. Mpaka leo sijaingia msikitini na kitunguu kinywani.

Kamati za misikiti iliyozungukwa na gereji, masoko na viwanja vya pikipiki nazo ziweke sabuni penye mabomba ya udhu. Bei ya kipande cha sabuni ni ndogo mno kuliko bei ya zulia.

Kuhusu swala zilizopita, usijitie katika mashaka. Shaka inayomjia mtu baada ya ibada kwisha haizingatiwi, na huna wajibu wa kuhesabu miaka na kujiuliza kama kiwiko kilikuwa na grisi siku gani. Ila kama unakumbuka kwa yakini swala fulani ambayo baada yake ulikuta bandiko nene la grisi kwenye kiungo cha udhu, na una hakika lilikuwapo ulipotawadha, swala hiyo uilipe, nayo hiyo tu.

Na kuhusu kuswali nyuma ya magari: swala ya jamaa, kwa hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, inaizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27, na Ijumaa haina mbadala wa gereji kabisa, utaoga na utakwenda. Siku za kawaida, ikitokea siku ambayo kweli huwezi kuiondoa harufu, kwa mfano tangi la petroli limekumwagikia na maji yamekatika, hiyo ni udhuru unaojulikana katika vitabu vya fiqhi, na ukibaki huna lawama. Hapo tandika katoni kavu au mkeka, hata katoni ikiwa na madoa ya oili ni tohara, na umwite Mwislamu mwenzako wa gereji muswali pamoja, nayo itakuwa ni jamaa. Mkiwa wawili tu, yeye asimame kuliani kwako, akiwa nyuma yako kidogo.